Mgongo kwanza, gurudumu baadaye: wanawake katika uchukuzi wa Goma

Katikati ya Goma, kwenye mzunguko wa Chukudu, imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu. Ni mwanamume anayesukuma chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichobuniwa huku kwetu Kivu Kaskazini bila msaada wa kiwanda wala mhandisi. Sanamu ilizinduliwa mwaka 2009 na mji ukaipenda, maana si haba familia za hapa zilizosomesha watoto kwa jasho la chukudu. Lakini ukisimama pale asubuhi ukatazama barabara badala ya sanamu, utawaona kina mama wakipita wameinama, viazi, ndizi au makaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Wao hawajachongewa sanamu. Na historia ya uchukuzi katika mji huu, ikiandikwa kwa haki, inaanza nao.

Namna wanavyobeba ina ufundi wake. Mama huchuchumaa, akaupa mzigo mgongo, akazungusha kamba chini ya gunia na kuileta kwenye paji, kitambaa kikiwa kati ya kamba na ngozi. Mwenzake humwinua kwa kusukuma gunia kutoka nyuma. Akishasimama, hatazami mbele tena. Anatazama ardhi mbele ya miguu yake, na shingo ndiyo inayoongoza. Juu ya makoro, yale mawe makali ya volkano ambayo mji umejengwa juu yake, kuteleza mara moja kunaweza kumvunja mtu mguu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu uzito wa mizigo ya kubebwa na binadamu, na pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kuwa kikomo cha mwanamume mzima. Mwanamke, lilisema, abebe pungufu sana ya hapo. Habari hiyo haijafika Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani.

Kabla ya barabara, mizigo yote ya Kivu ilisafiri juu ya miili ya watu. Mpaka kati ya Goma ya Wabelgiji na Gisenyi ya Wajerumani ulikubaliwa mwaka 1910, na miaka sita baadaye majeshi ya Ubelgiji yalivuka kuwapiga Wajerumani, yakielekea Tabora. Kampeni ile ilitumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Wanaume walikamatwa vijijini, na mashamba, kuni, maji na soko vikabaki kwa wanawake. Serikali ya kikoloni iliwahesabu wapagazi wake kwa sababu iliwahitaji. Mizigo ya kina mama hakuna aliyeihesabu.

Mwaka 1930, mataifa yalipokutana Geneva kuandika mkataba dhidi ya kazi ya kulazimishwa, kifungu cha 11 kilisema kwamba wanaoweza kulazimishwa ni wanaume tu, wenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 45. Ubelgiji iliuridhia mwaka 1944. Kwenye karatasi, basi, mwanamke wa Kivu alikuwa ameepushwa na upagazi. Kwa kweli aliendelea kubeba kila siku. Ila mzigo wake haukuitwa uchukuzi, uliitwa ndoa.

Malori yalipoanza kushusha kahawa na pareto kutoka milima ya Masisi na Rutshuru, kazi ya udereva ilizaliwa ikiwa ya kiume. Haikutokea kwa bahati. Wavulana waliopelekwa kwenye shule za ufundi walijifunza injini na chuma. Wasichana na wake wa wafanyakazi walipelekwa kwenye vituo vilivyoitwa foyers sociaux, wakafundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa mtindo ambao Mbelgiji aliuona wa kistaarabu. Dereva wa lori akawa mtu mkubwa wa mtaa: ana mshahara, ana kofia, amefika Bukavu, pengine hata Kisangani. Mama aliyebeba viazi hadi kando ya barabara ili lori livichukue akabaki kuwa mke wa fulani.

Chukudu ilikuja miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulipoanza kuyumba. Fundi anachonga mbao ngumu kwa ajili ya mwili, anakata magurudumu ya mbao, anayavika vipande vya tairi kuukuu, anatia beringi, halafu anaweka springi mbele. Mwenye chombo hupanga mamia ya kilo juu ya ubao, akapanda kwa goti moja kwenye kipande cha mpira, na kuteremka kutoka Kibumba hadi mjini kwa mwendo unaowafanya wageni washike vichwa. Kupanda tena kilimani ni kusukuma, saa kwa saa.

Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo wapenzi wa sanamu hawalitaji. Chukudu ilikuja kupunguza mzigo wa mgongoni. Ilikuwa halali yake mwanamke kuipata kwanza, kwa kuwa mgongo uliokuwa ukibeba ulikuwa wake. Haikuwa hivyo. Chombo kilihitaji fedha ya kukinunua, na fedha ya nyumba ilikuwa mkononi mwa mume. Mwanamume akawa mchukuzi anayelipwa, akimbebea mteja, na mke akaendelea kubeba ile mizigo midogo isiyofaa kulipiwa. Ukizifuata zana zote zilizokuja baadaye, baiskeli, pikipiki, basi dogo, utakuta mambo ni yale yale: gurudumu likiingia, mwanamke anashushwa kwenye malipo.

Sheria nayo ilisaidia kumshusha. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimfanya mume kuwa kichwa cha nyumba, na kifungu chake cha 448 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lililomfunga. Mkopo, mkataba, ununuzi wa chombo kwa malipo ya polepole, vyote vilipita kwa bwana. Mtu anaweza kusema kwamba sokoni watu hawasomi kanuni. Ni kweli hawasomi, lakini mkopeshaji anaijua, na anayeuza pikipiki kwa mkopo anaijua zaidi. Kifungu hicho kilidumu miaka 29. Kilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, karibu mwaka mmoja baada ya sheria ya usawa wa wanawake na wanaume ya Agosti 2015, na miaka 10 baada ya Katiba ya 2006 kuahidi usawa huo katika kifungu chake cha 14.

Katika miaka hiyo 29 pikipiki zilijaa Goma. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia mwezi Julai 1994, kisha vita vikafuatana, mji ulifurika watu ambao barabara na mabasi yake hayangeweza kuwabeba. Wamotari, waendesha pikipiki za abiria, wakachukua nafasi. Kijana aliyekosa shule au shamba alipewa pikipiki ya mtu mwingine, akaendesha kutwa, na jioni akampelekea mwenye chombo fedha waliyopatana. Hakuna mlango rahisi kuliko huo kwa mvulana wa mitaa ya Majengo au Ndosho. Kwa dada yake mlango ni ule ule, ila una walinzi: mwenye pikipiki anayeogopa kuibiwa zaidi kwa kuwa dereva ni msichana, abiria anayeuliza kama anajua kweli, wenzake kwenye parkingi wanaomtania mpaka aondoke, na giza, kwa kuwa Goma ya usiku ina bunduki nyingi. Wanawake wanaoendesha pikipiki za abiria wapo, ni wachache, na kila mmoja anajulikana mtaani kwake. Mtu akijulikana kwa sababu tu anafanya kazi ya kawaida, ujue kazi hiyo bado haijafunguliwa.

Wakati huo huo, upande wa mpaka, kina mama walikuwa wanaendesha uchukuzi mkubwa kuliko wa gari lolote mjini. Jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ilianzishwa Gisenyi mwaka 1976 na kurahisisha kuvuka kwa wakaaji wa mipakani. Barrière ndogo, kituo cha mpakani cha Birere, ikawa moja ya njia za miguu zenye watu wengi zaidi Afrika. Kabla ya Korona makumi ya maelfu walipita kila siku, wengi wao wanawake wenye nyanya, maziwa, maharage, nyama, vitambaa. Pamoja nao walivuka watu wenye ulemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, zikiwa zimepakiwa mpaka mwenyewe haonekani. Goma ilikula kutokana na vichwa na migongo hiyo. Wizara ya uchukuzi, ukiiuliza kuhusu uchukuzi, itakuonyesha malori.

Mwezi Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya Korona. Bidhaa ziliruhusiwa, watu wa miguu hawakuruhusiwa. Wafanyabiashara wadogo walijipanga kwenye vyama vya ushirika, wakakusanya mizigo pamoja, ikavushwa kwa malori. Mpango huo uliokoa biashara, sikatai. Lakini tazama kilichotokea: jana yake mama alikuwa mfanyabiashara na mchukuzi, leo anamlipa mchukuzi. Faida iliyokuwa ya miguu yake ilienda kwa mwenye lori, na dereva wa lori, kama kawaida, alikuwa mwanamume. Mpaka ulipofunguliwa polepole, wengi walikuwa wameshamaliza mtaji kwa kula. Tarehe 17 Juni 2022 askari wa Kongo aliuawa kwa risasi hapo hapo Barrière ndogo, na saa za kupita zikapunguzwa mpaka saa tisa alasiri. Kwa mwenye lori hizo ni saa chache zilizopotea. Kwa mama anayevuka mara tatu kwa siku ni safari nzima iliyofutwa.

Kuna upande mwingine wa historia hii, nao ndio unaonitia hasira kidogo. Magurudumu yanaposhindwa, mji unamkumbuka mwanamke. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, ilikata barabara ya Rutshuru karibu na Buhene. Gari haliwezi kupita juu ya lava mbichi. Mguu wa mtu unaweza, mapema kuliko busara inavyoruhusu. Mapigano yalipoziba njia ya Sake mwanzoni mwa 2024, chakula cha Minova kilianza kuja kwa maji, na ufuko wa Kituku ukajaa kuliko uwezo wake. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, ilizama ikikaribia gati, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji, uwanja wa ndege ukafungwa, na mzigo ukarudi pale ulipozoea kurudi: mgongoni mwa mama.

Mfano wa kufanya vinginevyo hauko mbali. Kinshasa, mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake wa Women's Technology waliweka barabarani roboti kubwa za alumini zinazotumia umeme wa jua kuongoza magari, na madereva wasiomsikiliza polisi wakaanza kulisikiliza sanduku la chuma lililotengenezwa na wanawake. Nairobi, Naomi Mwaura alianzisha Flone Initiative mwaka 2011, shirika linalopambana na udhalilishaji ndani ya matatu na kuwafundisha wanawake wanaofanya kazi humo, madereva na makondakta. Ninachokipenda kwa Flone ni kwamba hawakuanza na sherehe ya dereva wa kwanza mwanamke. Kazi yao inatuelekeza kwenye swali la kwa nini aliyeajiriwa hadumu.

Swali hilo ndilo la kuleta Goma. Picha za msichana juu ya pikipiki siku ya tarehe 8 Machi tumeziona za kutosha. Huyo msichana akipata pikipiki leo, kesho anahitaji perimi ya udereva ambayo haimlazimishi kumbembeleza mtu ofisini, parkingi yenye choo, chama cha wamotari kitakachosimama naye akidhulumiwa, na mwenye chombo atakayempa hesabu ile ile anayompa kijana. Na wale wa mgongoni, ambao hawataki pikipiki, wanahitaji mzigo wao utambuliwe kuwa kazi: uwe na bei inayojulikana, uzito wenye kikomo, na mkokoteni wa kukodi kwa bei ya chini pale Birere na Kituku.

Tangu Julai 2016 hakuna kifungu cha Kanuni ya Familia ya Kongo kinachomtaka mwanamke peke yake aombe ruhusa ya mumewe kununua chombo, kukopa fedha au kushika usukani. Wenye pikipiki, wenye boti, wenye magari na viongozi wa vyama vya Goma, ruhusa iliyobaki iko mikononi mwenu. Itoeni.