Mayo ya balo ni ya nani? Historia ya alama yenye washabiki wanavaa

Siku Mazembe inacheza, njia za Kamatanda zinajaa rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Kuko pia wenye wanavaa bluu na njano ya Lupopo. Mayo nyingi ni za soko, za kuiga, zenye alama ya kampuni ambayo haikuzishona. Kwa familia zenye zilikimbia na kuacha vyote, mayo kama hiyo inaweza kuwa kitu cha nyumbani chenye kilibaki. Lakini mbele ya sheria, alama ya kifuani iko na mwenyewe. Mambo yalifikaje hapo?

Katika Katanga, historia inaanza kinyume. Mwaka 1939, wamisionari Wabenedikto wa Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, walianzisha ekipe yenye iliitwa Saint-Georges. Kisha ekipe ikabeba jina Englebert, jina la marke ya pine za motokari. Kwa jina hilo, Tout Puissant Englebert ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Wakati wa Zaïre ndipo jina la pine liliacha nafasi kwa Mazembe. Siku zile, mushabiki mwenye alipiga kelele "Englebert!" alikuwa anatangaza kampuni bure. Jina lilitoka kwa mufanyabiashara likaenda kwa watu.

Njia iligeuka miaka ya 1970. Huko Uingereza, kampuni Admiral ilianza kulipa Leeds United ili itengeneze mayo za ekipe na kuuzia watoto mayo zenye kufanana nazo. Mbele ya pale, mayo ilikuwa nguo ya kazi ya muchezaji. Sasa ikawa bidhaa, na ekipe zikaanza kuandikisha majina na alama zao kama mali.

Kesi kubwa ilifika Londres. Matthew Reed alikuwa anauza skafu na mayo za Arsenal karibu na uwanja wa Highbury tangu mwaka 1970. Aliweka tangazo kwamba vitu vingi vyake si vya ekipe. Arsenal ilimushitaki. Jibu lake lilikuwa hili: mushabiki anavaa alama ili kuonyesha upendo, hatafuti kujua ni nani alishona nguo. Muamuzi wa Londres alielewa jibu hilo. Lakini tarehe 12 Novemba 2002, tribinali ya Ulaya ya Luxembourg ilisema kwamba mwenye alama iliyoandikishwa anaweza kuzuia biashara ya namna hiyo, hata kama mununuzi anaiona kuwa alama ya upendo. Mwaka 2003, tribinali ya rufani ya Uingereza ikapatia Arsenal haki.

Reed alikuwa muuzaji. Kisha sheria ikafika kwa mushabiki mwenyewe. Tarehe 16 Juni 2006, katika Kombe la Dunia huko Stuttgart, Ujerumani, Uholanzi ilikuwa inacheza na Côte d'Ivoire. Washabiki wengi Waholanzi walikuja na pantalo za rangi ya machungwa zenye jina la pombe Bavaria. Lakini pombe yenye ililipa Fifa ilikuwa Budweiser. Kwa mulango waliambiwa wazivue, na wengi waliangalia mechi katika nguo za ndani.

Miaka ine nyuma yake, kombe lilikuja Afrika. Tarehe 14 Juni 2010, Johannesburg, wanamuke 36 walitolewa uwanjani wakati Uholanzi ilicheza na Danemark. Walivaa robe fupi za rangi ya machungwa, na jina la Bavaria halikuonekana kwa mbali. Fifa ilisema ni tangazo la kujificha. Wanamuke wawili Waholanzi walikamatwa, kisha mashitaka yakaondolewa wakati Fifa na kampuni ya pombe walisikilizana. Mara hii hata rangi tu ilileta polisi.

Congo pia iko na sheria. Sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 inalinda alama za biashara, na alama inalindwa kisha kuandikishwa. Sheria hiyo inalenga kwanza mwenye kutengeneza na kuuza vitu vya kuiga, si mutoto mwenye anavaa. Lakini mama mwenye kutandika mayo chini sokoni ni muuzaji, na feza yake ndogo inaweza kupotea siku moja. Ekipe nayo iko na neno la kweli: mayo ya kuiga haiilipi hata franka moja, na wachezaji wanahitaji kula.

Kuko somo lingine kwa ekipe ndogo za Likasi. Jina lenye halikuandikishwa ni kama shamba bila karatasi: jirani anaweza kulikamata. Englebert lilikuwa jina la pine, na watu waliligeuza kuwa jina la ushindi. Hakuna ofisi yenye iliandikisha kelele zao. Lakini leo, mwenye karatasi ndiye anaanza kusikilizwa, na mwenye upendo anangojea kwa mulango.