Mkonge: miche 62 ya Kikogwe

Safari ya mkonge kuja Tanganyika nusura iishie baharini. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vikavuka bahari hadi Hamburg, vikapakiwa tena melini. Vilipofika mwaka 1893, vilivyokuwa hai ni 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani.

Florida nako mkonge ulikuwa mgeni. Kwao ni Mexico, na Wazungu waliuita sisal kwa jina la bandari ya Yucatán ambako nyuzi zake zilipakiwa. Waswahili hawakuhangaika na jina hilo: walikuwa na mkonge wao wa porini, mmea mwingine wa nyuzi, na mgeni akarithi jina la mwenyeji.

Vichipukizi hivyo 62 havikuponea bahati tupu. Mkonge hufungua vinyweleo vya majani yake usiku, jua likiwa limezama, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana na huvumilia kiu ambayo ingeua mahindi kwa wiki chache. Tena hausubiri mbegu. Ukifikisha miaka minane au kumi hivi huchomoza mlingoti unaoipita nyumba kwa urefu, maua yakapukutika, na mahali pake vikaota vichipukizi kwa mamia, kila kimoja nakala ya mama yake. Baada ya hapo mama mwenyewe hufa. Mlingoti ukikauka, watu huukata wakajengea.

Miche ikaongezeka, mashamba yakafuata reli iliyotoka Tanga na kufika Mombo mwaka 1905. Mkonge ulihitaji kitu kimoja zaidi, nacho ni watu.

Wenyeji wa pwani walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mwingine. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, Silabu. Hesabu ilikuwa ya kipande: siku 30 za kazi iliyokamilika, na siku ambayo kazi haikutimia haikuhesabiwa. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana hata leo, ukipita Korogwe au Muheza, utakuta Waha wa Kigoma na Wamakonde ambao Tanga ndiyo kwao.

Kazi yenyewe imebadilika kidogo mno. Mkataji huanza na majani ya chini, huondoa mwiba wa nchani kwa kisu, kisha hufunga majani 30 kuwa mzigo mmoja. Utomvu huwasha ngozi. Mzigo hupelekwa kwenye korona, mashine yenye magurudumu yanayopondaponda jani huku maji yakimwagika, hadi nyama yote itoke na zibaki singa. Zikitoka huwa na ukijani. Zikianikwa juani kwenye nyaya, huwa nyeupe kama mvi.

Mwaka 1964 Tanzania ilivuna tani 230,000 hivi, na duniani hakuna aliyeifikia. Miaka mitatu baadaye, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Wapo wanaoutupia utaifishaji lawama zote za kuanguka kwa mkonge, lakini hiyo ni nusu ya habari. Kamba za plastiki zilikwisha kuingia sokoni na bei ilikwisha kuporomoka kabla ya azimio hilo. Uendeshaji mbovu ulikuja kummalizia mgonjwa. Kufikia mwaka 2000 mavuno yalikuwa tani kama 20,000, na bingwa wa dunia alikuwa Brazil.

Mche bora haukukosekana: kituo cha utafiti cha Mlingano kilikuwa tayari kimewapa wakulima chotara namba 11648, mkonge unaotoa majani mengi kuliko ule wa Hindorf.

Lakini hata katika jani la chotara, uzi ni asilimia nne hivi tu ya uzito wake. Kwa miongo mingi kilichobaki kilitiririshwa na maji machafu ya korona, kikaoza na kunuka mabondeni. Ni katika shamba la Hale ambako mtambo ulijengwa wa kugeuza uchafu huo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme.