Baada ya Kuokoka: Funzo la Copenhagen, 1952



Mgonjwa aliyekuwa mahututi akirudi nyumbani, tunamshukuru Allah (S.W.T), tunasoma dua na majirani wanajaa uani. Mwezi wa pili ukiingia naye bado hawezi kupanda ngazi, maneno huanza: "Si alishapona? Mbona anadeka?" Tuitazame historia, tujue kwa nini maneno hayo ni dhulma.

Mwaka 1952 polio iliuvamia mji wa Copenhagen, Denmark. Virusi vyake hushambulia mishipa ya fahamu, na vikiigusa ile inayoongoza kupumua, mgonjwa hukosa pumzi. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine moja kubwa ya kusaidia kupumua na nyingine sita ndogo za kuvalishwa kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo wagonjwa 31 walitibiwa kwa mashine hizo, na 27 kati yao walifariki.

Ndipo akaitwa daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Tarehe 27 Agosti aliletewa binti wa miaka 12 aliyekuwa katika hali ya kukata roho. Binti alitobolewa tundu kooni, ukapitishwa mpira, na Ibsen akamwingizia hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Binti akaishi. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliingia zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko kando ya vitanda. Vifo vya waliokosa pumzi vikashuka kutoka karibu tisa katika kila kumi hadi chini ya nusu. Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji huo chumba ambacho wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa vyumba vya wagonjwa mahututi.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Sisi tuulize: binti yule aliishije? Alibaki amepooza mikono na miguu, akitegemea mashine ili apumue. Alikaa hospitali kwa miaka, kisha akaishi na mama yake hadi alipofariki mwaka 1971. Mfuko ulimwokoa siku moja. Kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani ndiko kulikombakisha miaka 19.

Hata wasiopooza hubeba mzigo. Huko Toronto, Kanada, watafiti waliwafuatilia watu 109 waliookoka baada ya mapafu yao kushindwa kazi kwa maradhi mbalimbali. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionesha kwamba baada ya mwaka mmoja mapafu ya wengi yalikuwa karibu na kawaida, lakini ni kama nusu tu waliorudi kazini. Misuli ilikuwa imenyauka. Mwaka 2011 ikaelezwa kwamba hata baada ya miaka mitano, mwendo wao ulikuwa mfupi kuliko wa watu wa umri wao. Wengine husumbuliwa na ndoto za kutisha, hofu na kusahau. Tangu mwaka 2020, UVIKO-19 imeyaleta haya katika nyumba nyingi.

Ndugu zetu, kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake, na haki hiyo haikomei kwenye geti la hospitali. Tumwendee mwezi wa tatu kama tulivyokwenda siku ya tatu. Tumshike mkono atembee hatua chache, tumkumbushe kurudi kwa daktari, na tumpokee zamu anayemuuguza, naye apate usingizi. Na sisi walimu, mtoto akirudi madrasa baada ya ugonjwa mkali akiwa amesahau sura alizohifadhi, tusimkemee. Tuanze naye upya, aya kwa aya.

Allah awape shifa wagonjwa wetu na subira wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.