Nani Aliyebeba Ngoma?

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike habari kidogo za muziki wa pwani yetu, nadhani alitazamia niwataje waimbaji na wapiga gitaa. Hao wameandikwa vya kutosha. Mimi nimeona afadhali niulize swali dogo ambalo bado sijaliona katika kurasa hizi: mpiga ngoma alipofika mahali pa mchezo, ni nani aliyembebea vyombo vyake, na ni nani aliyevipanga? Mpiga filimbi huitia filimbi yake mfukoni akaenda zake. Mpiga ngoma hana bahati hiyo.

Njia za misafara zilizotoka Pangani kwenda bara katika karne ya 19 zilikuwa njia za mizigo ya vichwani na mabegani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Pangani mwaka 1857, aliandika katika kuieleza misafara ya wapagazi kwamba nyuma ya kirangozi alifuata mtu mwenye ngoma. Hapo mbebaji na mpigaji ni mtu mmoja.

Vijijini mambo yalikuwa mengine. Kwetu Mkwaja, ngoma za ngozi hazikuwa mali ya mtu bali za kikundi, na kikundi ndicho kilichozichukua. Msondo ni mrefu, vumi ni zito, na chapuo hutaka mikono yake. Lakini kubeba haikuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa moto. Upepo wa bahari na umande wa usiku hulegeza ngozi, nayo ngoma iliyolegea hulia kama debe. Basi vijana huwasha makuti makavu, wakazisogeza ngoma motoni mpaka ngozi zivutike, na katikati ya mchezo wakazirudisha tena. Anayeliangalia moto huo hachezi, wala hapigi, wala hatajwi. Hata hivyo yeye ndiye anayejifunza sauti ya kila ngoma kuliko wote, na aghalabu ndiye aliyepewa chapuo siku fundi alipochoka mikono. Nyinyi mlioko madarasani mnaweza kuuita huo utaratibu wa mafunzo kazini, ila haukuwa na cheti.

Kisha ikaja beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaieneza Tanganyika nzima, kwani askari na wapagazi waliichukua kila walikokwenda. Terence Ranger, aliyetoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, anavieleza vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti: Marini ikiwavuta wasomi na wenye hadhi, Arinoti watu wa kazi za mikono. Vyote viwili vilikuwa na vyeo vikubwa vikubwa vya kijeshi. Sina shaka kwamba lile ngoma kubwa halikubebwa na jenerali.

Katika miaka ya 1960 Tanga ilikuwa na bendi za dansi zilizojulikana nchi nzima, kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Seti ya dramu si kitu kimoja, ni vitu kumi na zaidi: besi, matoazi, kanyagio, na vile vyuma vya kusimamishia ambavyo ni vizito kuliko ngoma zenyewe. Wenzetu wa taarabu walikuwa na akili. Black Star Musical Club ya hapa hapa Tanga ilipiga taarabu kwa kikundi kidogo cha magitaa ya umeme na bongo, na bongo mbili mtu huweza kuzikwapia akapanda nazo basi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mbebaji. Nilikuwa darasa la tatu, bendi moja ya mjini ikaja Mkwaja mwisho wa mwezi, wakati wafanyakazi wa ranchi ya ng'ombe walipokuwa na mshahara. (Ranchi hiyo ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.) Lori lilivuka mto Pangani kwa pantoni, likashuka Bweni, na halafu mchanga ukalishinda karibu na kijiji. Vyombo vikamalizia safari vichwani mwetu watoto. Malipo yalikuwa kuingia bure. Waliobeba besi na masanduku ya spika waliingia. Sisi tuliobeba vyuma tuliambiwa tumeshazidi, tukatazama dansi kwenye matundu ya makuti. Mpiga dramu alishuka na fimbo zake mbili tu mkononi, nami nikamwona kama mfalme.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini serikalini, nikaelewa kwa nini alikuwa na fimbo tu. Vyombo havikuwa vyake. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi zilikuwa za mashirika, jumuiya na majeshi: NUTA Jazz ya wafanyakazi tangu 1964, Polisi Jazz, Vijana Jazz, na Mlimani Park, ambayo mwaka 1983 iliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mtu binafsi angeipata wapi seti ya dramu? Shirika lilinunua vyombo, likatoa gari, likaajiri na watu wa kuvishughulikia. Mwanamuziki alipata msaidizi, lakini hakupata ngoma. Wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park walipohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, walihama na sauti zao na vidole vyao. Vyombo vilibaki kwa mwenyewe.

Ulaya nako si tofauti sana. Beatles walibebewa vyombo na Neil Aspinall, kijana aliyekuwa akisomea uhasibu kabla ya kuendesha gari lao, na tangu 1963 akasaidiwa na Mal Evans. Lakini mpiga dramu wa baa ya mtaani, London au Chicago, hubeba mwenyewe mpaka leo.

Siku hizi wapo vijana wenye seti zao. Huzipakia kwenye guta au bajaji, hufika saa mbili kabla ya wenzao, hufunga, hupiga, hufungua, na huondoka wa mwisho, kwa malipo yale yale ya mwimbaji aliyekuja na kitambaa cha kufutia jasho. Wazee wengine huona huko ni kushuka. Mimi naona kijana huyo ana kitu ambacho yule mfalme wangu wa Mkwaja hakuwa nacho, ingawa mgongo wake unakilipia.

Nimeyapitia makisio ya sherehe yetu ya mwaka huu. Limo fungu la bendi, la chakula cha bendi, na la jenereta. Wabebaji hawamo, na nasikia imepangwa kwamba kazi hiyo ifanywe na vijana wa kidato cha kwanza. Nimemwandikia Ndugu Mweka Hazina aongeze fungu hilo, na kwamba wakibeba vijana, wote waingie, hata wa vyuma.