Boda haifi ghafla: Mambo 6 dereva anayoweza kufanya mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi

Musoma. Dereva wa boda mwenye mkataba hana siku ya bure. Pikipiki ikilala gereji, bosi bado anasubiri hesabu yake na nyumbani watu wanataka kula.

Makoko, kata iliyo kando ya Ziwa Victoria katika Manispaa ya Musoma, boda hubeba kila kitu: abiria, dagaa, mkaa, saruji. Zikitoka kwenye lami zinakutana na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Hivyo viwili vinamaliza injini polepole, na dereva anakuja kushtuka fundi akimwambia, "hapa ni kushusha injini."

Mengi yanazuilika kwa vifaa vichache: spana, bisibisi, spana ya plagi, brashi, kitambaa safi na kipimo cha upepo.

1. Oil icheki kabla ya kuwasha

Pikipiki inasimamishwa wima kwa stendi kubwa, sehemu tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Oil inatakiwa iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kuzidisha nako ni kosa, siyo kupungua tu.

Boda nyingi za sisi 100 hadi 150 huchukua karibu lita moja tu. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, ndiyo maana inachoka haraka.

Kitabu cha pikipiki ndicho kinachosema imwagwe baada ya kilomita ngapi, na kazi ngumu ya mizigo na vumbi inataka mapema zaidi. Anayepiga kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 ndani ya siku 20, kwa hiyo kusubiri "mwisho wa mwezi" kunaweza kuwa kuchelewa.

Oil ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapo isiwashwe.

2. Eya klina: kifaa kidogo, hasara kubwa

Chujio la hewa ndilo linalozuia vumbi kufika kwenye pistoni. Likitoboka au likiondolewa ili "injini ivute vizuri", vumbi linasaga ringi kama msasa. Moshi wa bluu unaanza kutoka, injini inakula oil, nguvu inapungua mlimani.

Chujio la sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, siyo petroli, kwa sababu petroli inawaka kirahisi. Linakamuliwa bila kusokotwa, linakaushwa, linalowekwa kidogo kwenye oil safi, kisha linakamuliwa tena. Chujio la karatasi halioshwi. Linakung'utwa vumbi, na likichoka linabadilishwa.

3. Cheni isilainishwe kwa oil chafu

Huu ni mtindo wa vijiwe vingi: oil iliyomwagwa kwenye injini inapakwa kwenye cheni. Tatizo ni kwamba oil hiyo imebeba unga wa chuma na masizi. Kinachofaa ni kusafisha kwa brashi na mafuta ya taa, kufuta, kisha kupaka oil nzito ya gia au ya cheni.

Ikibonyezwa katikati upande wa chini, cheni icheze sentimita 2 hadi 3 hivi. Iliyokaza sana inakula beringi, iliyolegea sana inaweza kuruka njiani na kufunga tairi la nyuma. Wakati wa kuikaza, alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, la sivyo tairi linakaa upande.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imezimwa kabisa. Cheni inayozunguka inakata vidole.

4. Breki na upepo: hapa ni uhai

Kila cheni ikikazwa, tairi la nyuma linasogea na breki ya nyuma inabadilika. Lazima iangaliwe upya kabla ya kupakia abiria. Ikishakazwa, tairi liinuliwe na kuzungushwa kwa mkono: lizunguke huru, na breki ikikanyagwa lisimame. Oil au grisi isiguse shuu za breki hata kidogo.

Upepo hubadilika kulingana na modeli, ila kwa boda nyingi mbele ni karibu psi 25, nyuma 28 hadi 32 kutegemea mzigo. Tairi hupimwa likiwa la baridi. Kupima kwa kupiga teke hakusemi ukweli.

5. Ikigoma kuwaka: mafuta, moto, hewa

Kabla ya kulaumu kabureta, anza na rahisi. Mafuta yapo na koki imefunguliwa? Swichi ya kuzimia iko wapi? Fyuzi imeungua?

Halafu plagi ifunguliwe injini ikiwa imepoa. Rangi yake inaongea:
- Kahawia: mambo safi.
- Nyeusi kavu yenye masizi: mafuta mengi kuliko hewa, angalia eya klina na choki.
- Nyeusi yenye oil: ringi au valvu zimeanza kuchoka.
- Nyeupe: injini inachemka kupita kiasi.

6. Ikizimika kwenye maji, usipige kiki

Boda ikizama kwenye dimbwi na kuzima, kupiga kiki au selfu kunaweza kupinda koni rodi, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Isukumwe pakavu, plagi itolewe, maji yamwagwe, eya klina ikaushwe, na oil iangaliwe. Ikiwa nyeupe, imwagwe kwanza.

Vipi zenye magurudumu manne?

Kanuni ni zilezile, lakini kuna tofauti moja ya hatari: matairi yake mapana hutumia upepo mdogo sana, nyingi karibu psi 5. Zikijazwa kama boda, zinadunda na kupinduka kirahisi. Baadhi pia hazina cheni bali shafti, nayo ina oil yake.

Oil chafu isiishie ziwani

Musoma inakunywa maji ya Ziwa Victoria na inakula samaki wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Oil iliyotumika iwekwe kwenye dumu na ipelekwe gereji inayoikusanya.

Kazi ya fundi ibaki ya fundi

Valvu, ringi, beringi za injini na nyaya zilizoungua si za kujaribia kijiweni. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kuulizia mafunzo ya muda mfupi chuo cha VETA kilichopo Musoma. Na aliyejifunzia mtaani asijione amechelewa, kwani VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kutoa cheti.

Kwa anayeanza kesho asubuhi, dakika 10 zinatosha: oil, cheni, breki, upepo, taa. Ndipo abiria wa kwanza apande.