Konda, Dereva na Mizani

Kiswahili kina mizaha yake. Yule kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala tunamwita konda, na mtu akipungua mwili tunasema amekonda. Nilikuwa nikilicheka jambo hili mpaka nilipogundua kuwa wapo wataalamu waliolichunguza kweli kweli, tena kwa vipimo.

Mwaka jana nilianza mchakamchaka nikiwa na kilo 92. Kila alfajiri raba mguuni, mbwa wa jirani nyuma yangu. Wiki nane zikapita. Nikaenda kwa yule kijana wa mizani pale stendi, nikamlipa, nikapanda. Kilo 91. Jamani! Wiki nane za jasho kwa kilo moja! Nikaapa kuzitundika raba. Kilichonizuia ni historia.

Mwaka 1863, mzee mmoja wa London, William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu kuhusu unene wake. Alikuwa ameshauriwa afanye mazoezi, naye akawa anapiga makasia mtoni asubuhi na mapema. Misuli ikapata nguvu, lakini njaa nayo ikapanda. Akala zaidi, akanenepa zaidi. Alikuja kupungua baadaye, alipoacha mkate, sukari, bia na viazi. Niliposoma hapo nilizikumbuka zile chapati tatu nilizokuwa nikijizawadia kila nikitoka kukimbia. Nikanyamaza kimya.

Tusogee mbele miaka tisini. Mwaka 1953, Dakta Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima, wakati konda alipanda na kushuka ngazi mamia kwa siku akikata tiketi. Watu hawa walikuwa na hali ya maisha inayokaribiana, lakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makonda.

Mwaka 1956 wakaja na jambo la ajabu zaidi: walichambua vipimo vya sare. Wakakuta kwamba madereva walivaa suruali za kiuno kikubwa kuliko makonda wa umri wao. Basi nikasema, ahaa, ngazi zimewakondesha! Kumbe sivyo moja kwa moja. Tofauti ile ilionekana hata kwa vijana, ambao hawakuwa wamekaa kazini muda mrefu. Huenda wembamba ndio waliokimbilia ukonda tangu mwanzo. Lakini uchambuzi uliofuata ulitoa jibu lililonigusa: konda awe mwembamba au awe na kitambi, moyo wake bado ulikuwa na nafuu kuliko wa dereva.

Hapo nikaweka kitabu chini. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa basi la mikoani. Kila baada ya muda suruali zake zilipelekwa kwa fundi ziongezwe kiunoni, na sisi watoto tulijivunia kile kitambi, tukijua nyumbani kuna neema. Alianguka ghafla akiwa na miaka 54. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za ngazi.

Na mizani je, kwa nini inakuwa bahili hivi? Jibu moja limetoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima nguvu ambayo miili ya Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, hutumia kwa siku. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kila siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao hayakuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Pontzer anaeleza kwamba mwili, kama mama mwenye nyumba mwenye pesa kidogo, ukitumia sana huku hubana kule.

Hii haina maana kwamba mazoezi ni bure. Hupunguza uzito, ila kidogo kuliko tunavyotarajia, na husaidia ule uliopungua usirudi. Anayetaka mizani ishuke hasa, aitazame na sahani yake. Lakini moyo una hesabu zake, na mizani ya stendi haizisomi.

Sikuzitundika raba. Chapati nimezifanya moja. Juzi nilipanda tena mizani: kilo 88. Yule kijana akacheka, "Bro, unakonda!" Nikamjibu kwamba mimi sitafuti kukonda tu, natafuta kuwa konda. Hakunielewa. Wewe mwenzangu, naamini umenielewa. Basi kesho alfajiri, tukutane barabarani.