Gnosis, Hairesis na Demiourgos: Maneno Matatu ya Kiyunani Mbele ya Mfasiri

Mfasiri anayeshika kitabu cha historia ya Kanisa la karne za kwanza hukutana mapema na maneno matatu ya Kiyunani: gnosis, hairesis na demiourgos. Maneno haya hayakuzaliwa Kanisani. Yalitoka katika vyuo vya falsafa na katika maongezi ya kila siku ya Wayunani, yakaingia katika mzozo wa Wakristo wa karne ya 2, na yakatoka humo yakiwa yamebeba maana nyingine. Katika makala hii tunakusudia kufuata safari ya kila neno, kisha tuonyeshe kwamba uchaguzi wa kisawe cha Kiswahili si jambo la kamusi tu, bali ni jambo la haki pia. Maana mfasiri aweza, kwa neno moja, kuwahukumu watu kabla msomaji hajawasikia.

Tuanze na gnosis, yaani kujua. Katika karne ya 4 K.K. Plato alitumia kivumishi kinachotokana na neno hilo katika mjadala wake juu ya mtawala, ili kutenga elimu ya kujua na elimu ya kutenda kwa mikono. Wakati huo neno halikuwa na harufu ya dini. Katika karne ya 2 B.K. walitokea walimu wa Kikristo, miongoni mwao Valentinus aliyetoka Misri akafundisha Roma, waliosema kwamba mtu huokoka kwa kuijua asili yake na mahali anaporejea. Mnamo mwaka 180 Irenaeus, askofu wa Lyon, aliandika vitabu vitano kuikanusha gnosis hiyo, ambayo kwake ilikuwa gnosis ya jina tu. Lakini Clement wa Alexandria, ingawa naye aliwapinga walimu hao, hakukubali kuwaachia neno. Kwake yeye, gnostikos wa kweli alikuwa Mkristo aliyekomaa. Basi katika zama zile zile neno moja lilikuwa sifa kwa huyu na lawama kwa yule.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walilikuta neno hili mara nyingi. Katika Luka 11:52 waliandika maarifa, katika 1 Wakorintho 8:1 wakaandika ujuzi, na katika 1 Timotheo 6:20 wakaandika elimu. Kila kisawe chafaa mahali pake. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hawezi kutambua kwamba kile chenye ufunguo, kile kiletacho majivuno, na kile kilichoitwa cha uongo ni neno lile lile. Kwa mahubiri upungufu huu si mkubwa. Kwa historia ni mkubwa, kwa sababu mzozo wenyewe ulihusu nani mwenye haki ya kulitumia neno hilo.

Neno la pili, hairesis, asili yake ni kuchagua. Wayunani walilitumia kwa chuo cha falsafa alichokichagua mtu, pasipo lawama yoyote. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, aliwataja kwalo Mafarisayo, Masadukayo na Waesene. Kiswahili kina maneno mawili hapa, na tofauti yake ni kubwa. Madhehebu latokana na Kiarabu, na mzizi wake ni kwenda. Uzushi latokana na kuzua. Katika Matendo ya Mitume 5:17 Biblia ya 1952 yasema madhehebu, na katika 24:14 yasema uzushi. Yafaa kukumbuka kwamba katika mahali pa pili anayesema ni Paulo, akijitetea mbele ya liwali, na kinachoitwa uzushi na washitaki wake ni Ukristo wenyewe. Karne moja baadaye, walioitwa hivyo waliwaita wenzao hivyo.

Neno la tatu, demiourgos, limeundwa kwa maneno mawili, watu na kazi; ni fundi anayeufanyia umma kazi. Plato, katika Timaeus, alimpa jina hilo fundi mwema aliyeupanga ulimwengu kwa kufuata kielelezo kisichobadilika. Waraka kwa Waebrania 11:10 unalitumia kwa Mungu. Lakini katika mafundisho ya vikundi kadhaa fundi huyo alishushwa cheo: akawa kiumbe wa chini, asiyejua kwamba yuko Mungu juu yake. Plotinus, mwalimu wa falsafa katika Roma ya karne ya 3, aliandika kuwapinga watu hao, akiutetea uzuri wa ulimwengu. Aliwalaumu pia kwamba walibuni maneno mapya ili kuisimamisha hairesis yao wenyewe. Lawama hiyo sisi wenye kazi ya kuunda istilahi hatuna budi kuisikia.

Kwa muda mrefu vikundi hivyo vilijulikana hasa kwa maneno ya wapinzani wao. Mwezi Desemba 1945, karibu na Nag Hammadi katika Misri ya Juu, wakulima waligundua hazina ya vitabu vya mafunjo vya karne ya 4, ambayo leo huhesabiwa kuwa vitabu 13. Vina maandishi zaidi ya 50 kwa Kikopti, yaliyotafsiriwa kutoka Kiyunani. Wafasiri wale wa Kikopti mara waliazima gnosis na kulivika kiambishi cha lugha yao, mara walitumia neno lao la asili. Humo mna pia kipande cha Jamhuri ya Plato, ambacho tafsiri yake imepotoka kiasi kwamba asili yake ilitambuliwa mwaka 1974 tu.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, gnosis iwe maarifa katika maandishi ya historia, na wafuasi waitwe wanostiki. Lakini jina hilo la jumla litumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa wataalamu walishindania mipaka yake katika mkutano wa Messina mwaka 1966, na mwaka 1996 Michael Williams alishauri liachwe. Penye jina mahususi, kama wafuasi wa Valentinus, litumike hilo. Pili, uzushi liwe neno la anayeshitaki. Mwandishi asemapo kwa kauli yake mwenyewe, aandike madhehebu. Tatu, demiourgos awe Fundi wa Ulimwengu. Tukiandika Muumba, msomaji ataelewa kwamba vikundi hivyo vilimtukana Mungu Mkuu, ilhali wao walidai kumtenga na kazi ya fundi.

Mwalimu atakayefuata utaratibu huu atawapa wanafunzi wake nafasi ya kuzisikia pande zote mbili kwa maneno yao. Hukumu, kama ipo, wataitoa wenyewe.